Kura ya 68 ya Minnesota

Tarehe 9 Juni 2025, katika ukumbi wa Baraza la Wawakilishi la jimbo la Minnesota, Marekani, mjini Saint Paul, muswada mmoja ulipita kwa kura 68 dhidi ya 65. Warepublikan wote 67 waliuunga mkono. Kura ya 68, ile iliyoupitisha, ilitoka upande wa pili wa ukumbi, kwa kiongozi wa wapinzani wao, Melissa Hortman. Wademokrat wengine wote waliopiga kura siku hiyo waliukataa.

Muswada huo uliwaondoa watu wazima wasio na makaratasi ya uhamiaji katika MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo kwa watu wa kipato kidogo. Walikuwa takriban watu 17,000. Sheria ya kuwaingiza ilipitishwa mwaka 2023, Hortman mwenyewe akiwa Spika. Baada ya kura alizungumza na waandishi wa habari huku machozi yakimtoka. Alisema anajua kuna watu wataumia kwa kura ile, na kwamba amefanya kile ambacho kiongozi hupaswa kufanya.

Siku tano baadaye aliuawa nyumbani kwake.

Mauaji nitayafikia. Nataka kwanza kuitazama kura yenyewe, kwa sababu kelele zilizofuata ziliifunika, na naamini ndani yake kuna jambo kuhusu siasa za vyama ambalo sisi tunaozifuatilia kutoka mbali, na ndugu zetu wanaoishi kule, hatujalitafakari vya kutosha. Msimamo wangu ni huu: muswada ule ulikuwa dhuluma, na kura ya Hortman ilikuwa ya heshima. Najua wengi wataona sentensi hiyo inajipinga. Mimi sioni hivyo.

Turudi nyuma kidogo. Minnesota ina wawakilishi 134 na maseneta 67. Wademokrat wa huko huitwa DFL, jina lililobaki tangu chama chao kilipoungana na chama cha wakulima na wafanyakazi miaka ya 1940. Mwaka 2023 na 2024 DFL walishika kila kitu: ugavana chini ya Tim Walz, Baraza la Wawakilishi kwa viti 70 kwa 64, na Seneti kwa 34 kwa 33. Kiti kimoja tu, lakini walikitumia kana kwamba ni ishirini. Chakula cha bure shuleni, likizo ya malipo kwa wazazi na wagonjwa, ulinzi wa haki ya utoaji mimba, leseni za udereva kwa wasio na makaratasi, bangi kuhalalishwa. Nyingi ya sheria hizo naziunga mkono. Ila namna ya kuzipitisha ina historia yake, na historia hiyo ndiyo iliyowarudia.

Usiku wa tarehe 19 Mei 2024 ndio uliokuwa mwisho wa kupitisha miswada mwaka ule. Katiba ya Minnesota inaweka ukomo: siku 120 za kikao kwa kila miaka 2, na tarehe ya mwisho mwezi Mei isiyosogezwa. Ilipofika saa ya mwisho kabla ya usiku wa manane, DFL waliunganisha miswada lukuki kuwa mmoja wenye zaidi ya kurasa 1,400 na kuupitisha pasipo mjadala wa maana. Warepublikan walisimama kwenye viti vyao wakipiga kelele hadi hakuna aliyesikika. Aliyekuwa kitini kama Spika ni Hortman.

DFL walijitetea kwamba Warepublikan ndio waliokula muda kwa hotuba ndefu za kuchelewesha kazi, na kwa kiasi kikubwa ni kweli. Lakini muswada wa kurasa 1,400 uliopigiwa kura kwa dakika chache hakuna mbunge aliyeusoma, wa chama chochote. Katiba ya jimbo hilo inasema sheria moja ibebe jambo moja. Mwaka uliofuata jaji alifuta marufuku ya kifaa fulani cha bunduki iliyokuwa imechomekwa ndani ya muswada ule, kwa sababu hiyo hiyo. Mwezi Novemba 2024 wapiga kura wakagawa Baraza katikati: 67 kwa 67. Wale waliopigiwa kelele na wale waliopiga kelele wakajikuta sawasawa kwa hesabu, na bila chembe ya kuaminiana.

Kilichofuata kilikuwa cha aibu kwa pande zote. Mshindi mmoja wa DFL alionekana hakuwa amekaa kwenye wilaya yake kwa muda unaotakiwa, kiti chake kikawa wazi, na Warepublikan wakapata 67 kwa 66. Mwingine wa DFL, Brad Tabke, alikuwa ameshinda kwa kura 14 katika wilaya ambako kura 20 zilipotea, na Warepublikan walionyesha nia ya kumkatalia kiti hata baada ya jaji kuthibitisha ushindi wake. DFL wakaapishwa faraghani kwenye jumba la historia la jimbo, na Bunge lilipofunguliwa tarehe 14 Januari 2025 hawakutokea. Bila watu 68, walisema, hakuna akidi. Warepublikan wakaendelea wenyewe na kumchagua Spika wao. Tarehe 24 Januari Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema akidi ni 68, na yote yaliyofanyika yakawa si kitu.

Wiki tatu zilipotea hivyo. Maafikiano yalipopatikana mwanzoni mwa Februari, Lisa Demuth wa Republican alikuwa Spika, mwanamke mweusi wa kwanza kukalia kiti hicho Minnesota. Uchaguzi mdogo wa Machi ukarudisha 67 kwa 67. Karibu kila kamati ikawa na wenyeviti wawili, mmoja kutoka kila chama. Na idadi moja ikawa ndiyo mwenye nyumba: 68. Hakuna muswada ungepita bila angalau mtu mmoja kuvuka upande.

Hapo ndipo siasa ya kususa inapogonga ukuta. Unaweza kukaa Januari nzima bila akidi na jimbo likaendelea. Bajeti haingoji. Mwaka wa fedha wa Minnesota unaanza tarehe 1 Julai, na bila bajeti mpya serikali inafungwa. Watu wa kule wanajua maana yake: mwaka 2011 walikaa siku 20 bila serikali, hifadhi za jimbo zikafungwa katikati ya majira ya joto, ujenzi wa barabara ukasimama, na wafanyakazi karibu 20,000 wakarudishwa nyumbani. Wanaoumia kwanza katika hali hiyo ni wale wanaoishi kwa mshahara wa wiki mbili mbili, na wale wanaotunzwa na taasisi zinazolipwa na jimbo.

Warepublikan walikuwa na sharti moja wasilolegeza: watu wasio na makaratasi watoke MinnesotaCare. Walisema waliojiandikisha ni wengi kuliko ilivyokadiriwa, na kwamba makadirio ya Februari yalionyesha pengo la takriban dola bilioni 6 miaka michache mbele. Idadi hizo ni za kweli. Lakini bajeti waliyokuwa wakiijadili ilikuwa ya takriban dola bilioni 66 kwa miaka miwili, na yapo mambo mengi ambayo yangeweza kupunguzwa kabla ya kumgusa mtu anayesubiri insulini. Walichagua kundi hili kwa sababu halina kura, halina wawakilishi wa kulilia kwenye korido, na haliwezi kumwadhibu mtu Novemba. Ndiyo maana naita dhuluma.

Tarehe 15 Mei, viongozi wanne walisimama pamoja katika chumba cha mapokezi cha gavana kutangaza makubaliano: Walz, Demuth, Hortman, na Erin Murphy, kiongozi wa DFL katika Seneti. Nje ya mlango walikuwepo wabunge wa DFL, wengi wao weusi, Walatino, wenye asili ya Asia na wenyeji asilia wa Marekani. Waliupiga ule mlango kwa mikono. Kishindo kilisikika ndani, waandishi wakiwa wanaandika na gavana akiwa anajibu maswali. Unaposikiliza rekodi ya mkutano ule, unasikia sauti mbili kwa wakati mmoja: sauti tulivu ya watu wanaoeleza kwa nini hakukuwa na njia nyingine, na ngumi juu ya mbao.

Tuna methali ya fahali wawili wanaopigana na nyasi zinazoumia. Minnesota iliigeuza. Fahali walikuwa wameacha kupigana, wamepeana mikono, na nyasi ziliumia kwenye mapatano yenyewe.

Kikao cha kawaida kilimalizika tarehe 19 Mei bajeti ikiwa haijakamilika. Wiki tatu zilizofuata zilikwenda kwa majadiliano ya faragha, karatasi zikihama chumba hadi chumba, wabunge wa kawaida wakipata habari kupitia kwa waandishi. Kwa mtazamo wangu ubovu wa Mei 2024 ulijirudia hapa kwa sura nyingine. Mwaka ule watu walinyimwa mjadala kwa kukosa dakika. Mwaka 2025 walikuwa na wiki tatu na bado wakanyimwa, kwa sababu kila kitu kiliamuliwa na watu wachache nyuma ya mlango. Kisha gavana akaita kikao maalumu cha siku moja tarehe 9 Juni, na kufikia usiku mkubwa wa kuamkia tarehe 10 bajeti yote ilikuwa imepita.

Muswada wa MinnesotaCare ulitengwa peke yake. Haukufichwa ndani ya bajeti kubwa. Hili ni jambo muhimu na limezungumzwa kidogo mno. Kuutenga kulimaanisha kwamba Mdemokrat yeyote angeweza kupiga kura ya hapana, akarudi wilayani kwake na mikono safi, na bado akafaidi bajeti iliyosimama juu ya muswada huo. Ilitosha mtu mmoja tu kwenye Baraza achafuke. Seneti walivuka wanne wa DFL: Murphy na wenzake watatu, Ann Rest, Grant Hauschild na Rob Kupec, nao muswada ukapita 37 kwa 30.

Sasa jiweke mahali pa Hortman. Unahitaji kura moja. Unaongoza watu 67. Wapo waliochaguliwa kwa pengo jembamba katika maeneo ya mashambani, ambao kura hiyo pengine ingewasaidia. Wapo wanaokaribia kustaafu. Ungeweza kumwita mmoja wao ofisini, ukafunga mlango, ukamwambia chama kinakuhitaji. Viongozi wengi duniani hufanya hivyo, na mabunge yetu ya Dodoma na Nairobi yanaujua mchezo huo vizuri: mkubwa anapatana, mdogo anatumwa kubeba lawama. Yeye alibonyeza kitufe mwenyewe.

Ndiyo maana nasema kura ilikuwa ya heshima ingawa muswada ulikuwa mbaya. Aliyepatana ndiye aliyelipa. Hakumwachia mtu mwingine machozi yake.

Lawama zilimshukia mara moja. Kwa wanaharakati wa wahamiaji alikuwa msaliti. Ninawaelewa, na sitamlaumu mama ambaye daktari wake alikuwa ametoka kumpangia upasuaji kwa kutomsifu mwanasiasa kwa ujasiri. Anayestahili kuulizwa ni yule mbunge aliyepiga kura ya hapana akijua fika kwamba kura ya Hortman ndiyo itakayookoa shule na hospitali za wilaya yake, kisha akaacha jina moja tu litajwe kwenye mikutano. Kura ya hapana isiyo na gharama ni rahisi kuipiga. Na Warepublikan, ambao ndio walioandika sharti lenyewe, waliondoka ukumbini bila kuulizwa chochote. Hasira yote ilibaki ndani ya DFL, ikitafunana yenyewe. Hivi ndivyo siasa za vyama zinavyofanya kazi kikao kinapoisha: aliyelazimisha jambo anasahaulika, aliyelikubali anakumbukwa.

Kisha ikafika alfajiri ya Jumamosi, tarehe 14 Juni. Mtu aliyevaa kama polisi aligonga mlango wa Seneta wa jimbo John Hoffman wa DFL huko Champlin, akampiga risasi nyingi yeye na mkewe Yvette. Wote wawili walinusurika. Baadaye akafika Brooklyn Park, nyumbani kwa Hortman, akamuua yeye na mumewe Mark. Mshukiwa alikamatwa usiku wa Jumapili, tarehe 15 Juni, baada ya msako mkubwa. Wapelelezi walikuta maandishi yenye majina ya wanasiasa wengi, hasa wa DFL.

Kabla hata miili haijazikwa, mitandaoni watu walikuwa wameshaunganisha risasi na kura. Kwamba ameuawa na watu wa chama chake kwa kumkasirikia. Seneta wa Marekani kutoka Utah, Mike Lee, aliandika maneno ya kuwatupia Wamaksi mzigo huo na kumfanyia Walz mzaha, kabla ya kuyafuta. Ushahidi unakataa hadithi hiyo. Hoffman alipiga kura ya hapana kwenye muswada ule. Rest alipiga ya ndiyo, na nyaraka za mashtaka zinaeleza kwamba mshukiwa alifika karibu na nyumba yake pia usiku ule. Aliyekataa na aliyekubali walikuwa kwenye safari moja ya mtu mmoja. Kura haikuwa kigezo.

Lakini hebu tuangalie kwa nini hadithi hiyo iliaminika haraka vile. Iliaminika kwa sababu kwa siku tano jina lake lilikuwa limekwisha kusemwa sana pamoja na neno msaliti, watu wakazoea kulisikia hivyo. Simhusishi mwanaharakati yeyote na mauaji. Kufanya hivyo ni uongo na ni uonevu. Nasema tu kwamba lugha tunayotumia kwa mtu aliyevuka upande huandaa masikio ya watu kupokea ubaya wowote utakaomfika.

Tarehe 27 Juni mwili wake uliwekwa chini ya kuba la Bunge pamoja na wa mumewe, mbwa wao Gilbert akiwa katika chombo cha majivu pembeni. Ni mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo katika jengo lile. Maelfu walipita. Demuth aliomboleza, na naamini aliomboleza kwa dhati: miezi minne ya kukaa chumba kimoja na mtu ukivutana naye juu ya kila dola hujenga undugu wa aina yake. Ilidhaniwa na wengi kwamba msiba ungelainisha mambo.

Haukulainisha. Mwishoni mwa Agosti mtu aliwapiga risasi watoto waliokuwa kwenye misa katika kanisa la Annunciation, Minneapolis, wawili wakafariki. Walz alitaka kikao maalumu kuhusu silaha. Kwa mujibu wa katiba gavana ndiye anayeita kikao, lakini kikishafunguliwa hawezi kukifunga wala kuamua kijadili nini. Kwa hiyo hakuna gavana mwenye akili anayekiita kabla vyama havijakubaliana ajenda. Havikukubaliana. Mwezi Septemba Xp Lee wa DFL alishinda kiti cha Hortman, hesabu ikarudi 67 kwa 67, na wanasiasa wakaanza kutazama uchaguzi wa 2026. Hakuna tena aliyekuwa tayari kuwa mtu wa 68.

Kwa nini nalileta hili kwa msomaji wa Kiswahili? Kwa sababu Brooklyn Park si mahali pa kigeni kwetu. Ni moja ya miji ya Minnesota yenye Wakenya wengi, jirani na Waliberia, na ukiingia kanisani kule Jumapili unaweza kusikia Kiswahili na Ekegusii kabla ya Kiingereza. Huldah Momanyi Hiltsley, aliyezaliwa Kenya, alichaguliwa Novemba 2024 kuwakilisha wilaya inayogusa mji huo huo, na magazeti ya Nairobi yakashangilia. Tulishangilia ushindi. Bunge lenyewe hatukulifuatilia. Wengi hatukujua kwamba muhula wake wa kwanza ulianza kwa mgomo wa wiki tatu na kufikia kilele katika kura juu ya bima ya watu ambao baadhi yao ni wa kwetu: aliyeingia kwa viza ya masomo ikaisha, anayeosha wazee usiku na kulala mchana, anayetuma ada ya shule nyumbani kila mwezi na hana mahali pa kupima shinikizo la damu.

Bima hiyo ilikoma kwa watu wazima tarehe 31 Desemba 2025. Walioingia mwanzoni walikuwa nayo kwa mwaka mmoja kamili, kuanzia Januari hadi Desemba. Wapo waliotumia mwaka huo kupata miwani, kung'oa jino lililowasumbua miaka, kujua kwa mara ya kwanza kwamba sukari yao iko juu. Watoto wameachwa ndani ya mpango, kwa sababu hata meza ile ya mapatano ilikuwa na kiwango fulani cha aibu. Kwa hiyo katika nyumba moja kuna kijana wa miaka 17 mwenye kadi ya MinnesotaCare mfukoni na mama yake asiye nayo. Sheria inasema kadi ni ya walio chini ya miaka 18. Siku yake ya kuzaliwa inayofuata, ataungana na mama yake.